Kuvuka Abano Mara Kumi na Mbili

Alvani, 11 Mei

Daftari hili nimelinunua kwa ajili ya oili, grisi na nati tu. Marehemu mume wangu Imeda alikuwa akiandika mambo ya gari kwa chaki kwenye ukuta wa banda, na mvua ya Machi imefuta nusu. Mimi nataka kitu kisichofutwa na mvua.

Jokola alikuja leo. Shemeji yangu huyu hodi haijui. Unamkuta tu jikoni kashika kikombe. Alikuja kuliongelea Delika, gari letu la abiria la magurudumu manne, ambalo halijatoka bandani tangu tulipomzika kaka yake, miezi kumi na minane sasa. Nusu ya gari ni yake, maana wale ndugu wawili walilinunua pamoja kabla sijaolewa. Anataka liuzwe. Kuna mtu mjini Tbilisi anataka injini na vioo, mabaki yaende kwa wauza vyuma chakavu. Nikamwambia gari linaloweza kupanda njia ya mlima wa Abano haliuzwi kwa kilo. Nitaliendesha mwenyewe, nipeleke watu na unga kutoka hapa Alvani hadi Tusheti, ng'ambo ya mlima, kila kiangazi kama alivyofanya mume wangu.

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho akasema, "Haya, shemeji. Livushe Abano mara kumi na mbili kabla theluji haijafunga njia. Kupanda ni moja, kushuka ni moja. Ukimaliza bila kuvutwa, nusu yangu ni yako. Ukifungwa kamba hata mara moja, linauzwa."

Nikamwuliza kamba ya nani. Akasema yake, na kwamba ataibeba garini mwake msimu mzima ili isinisumbue kuitafuta. Nimekubali. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

13 Mei

Nimekaa muda mrefu kabla ya kushika kalamu.

Fundi Tedo alikuja asubuhi. Tedo si Mtusheti, ni mtu wa bondeni, ana kitambi na maneno mengi, lakini mkono wake kwenye gia ni wa dhahabu. Tulipiga jeki nyuma, tukafungua difu, lile bakuli la chuma katikati ya ekseli ambamo gia huyageuza magurudumu. Oili ilitoka nyeusi kama nilivyotarajia. Kisha Tedo akaingiza kidole ndani, akatoa bonge la kitu cheupe chenye kijivu, laini, lililoganda pembeni.

Alilinusa. Akachukua kifuniko cha kopo, akaliweka juu ya moto kidogo, likayeyuka na kuanza kunukia. "Dada Makvala," akasema, "hii ni harufu ya Mwaka Mpya nyumbani kwangu. Haya ni mafuta ya nguruwe. Gia ikichakaa ikaanza kulia, mafundi wa zamani hushindilia haya, ikanyamaza. Haiponi, inanyamaza tu."

Kwetu Watusheti, nguruwe havuki Abano. Havuki mzima, havuki nyama, havuki soseji ndani ya mkate wa mtoto. Ukimvusha, mlima unakasirika, na hapo usiulize mvua ya mawe imetoka wapi. Imeda alikuwa mkali wa jambo hili kuliko kasisi. Niliwahi kumwona akiwateremsha wageni wawili njiani, pale chini ya mlima, kwa sababu ya kopo moja la nyama, akawaachia na begi lao.

Kiangazi chake cha mwisho, radi iliua kondoo arobaini na mmoja wa Jokola kwenye mteremko juu ya kijiji chetu cha Diklo. Wanaume wakawa wanaulizana nani kapandisha nini. Aliyeuliza kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Imeda, na kifua chake kile kilivyokuwa kibovu.

Nakumbuka pia safari yetu ya mwisho kupanda. Niliendesha mimi, yeye hakuweza tena hata kubana klachi. Ekseli ilikuwa imelia mwezi mzima, ikimkosesha raha, halafu siku ile haikulia. Aliegemeza kichwa dirishani akatabasamu. "Sikiliza," akaniambia, "limenyamaza." Nikadhani ni rehema ya Mungu. Kumbe mwenzangu alikuwa akinicheka.

14 Mei

Mwongo.

15 Mei

Nimeosha bakuli lile kwa mafuta ya taa mara tatu. Nimeyachoma yale mabonge nyuma ya banda, kopo nimelizika, mikono nimeisugua kwa majivu. Tedo nimemwapisha. Jokola akijua hatangoja kamba wala nini, atalitia gari kiberiti. Na jina la mume wangu litaburutwa kila kijiji, jambo ambalo kwa hasira niliyonayo ningeweza kulifanya mwenyewe.

19 Mei

Nyuma ya karakana ya Tedo kuna Delika jingine, pacha wa letu, liliangukiwa na mti. Kutoka kwake tumechukua gia za difu zenye mwendo mzito zaidi, zile zinazopanda polepole bila kuichosha injini. Tumechukua za mbele na za nyuma pia. Ukibadilisha upande mmoja tu, magurudumu ya mbele na ya nyuma yatavutana mpaka kitu kivunjike. Tedo alisema ni kama ndoa. Nikamwambia anyamaze akaze nati.

27 Mei

Mvua. Nimepaka grisi. Mgongo unauma.

2 Juni

Tumemaliza. Sili mpya, zile pete za kuzuia oili isivuje, kila mahali. Kila difu lina tundu dogo la kupumulia, na ekseli yenye moto ikitumbukia kwenye mto wa barafu hunyonya maji kupitia hapo. Nimeyaunganishia mipira mirefu na kuipandisha mpaka juu karibu na kioo cha mbele. Imeda alisema miaka sita kwamba ataifanya kazi hii. Imechukua mchana mmoja.

Propela inayopeleka nguvu nyuma ina krosi mbili, yaani viungo vyake vya kupinda. Tedo alitaka tubadilishe zote mbili. Ile ya karibu na ekseli niliitikisa, haikucheza hata kidogo, nikasema hiyo bado nzima. Alinikazia macho, nami nikamkazia.

9 Juni. Ya kwanza

Greda lilifungua njia juzi. Nimepanda na mama mkwe, Pirimze, mwenye miaka themanini na mbili, kuku wake sita, na magunia ya unga. Gia mpya zinapanda kama bibi harusi, hazina haraka. Pale kwenye maporomoko ambapo zamani niliunguza klachi, leo niliinua mguu nikaliacha gari litembee lenyewe.

Kileleni madereva walikuwa wamesimama. Desturi ni hii: kila dereva anayevuka mara ya kwanza msimu huu anamimina glasi ya pombe ya zabibu ardhini, anataja madereva waliokufa, jina kwa jina. Walinipa glasi huku wakikonyezana, maana hawajawahi kumpa mwanamke. Nikataja majina tisa. La kumi, la Imeda, sikulitaja. Mdomo ulifunguka, halafu nikaona lile bonge jeupe kwenye kidole cha Tedo, ukafungika.

Madereva wakatazamana. Mama mkwe alinitazama kutoka garini. Jokola alikuwa pale na gari lake la mizigo, akaangalia chini, upande wa ekseli yangu ya nyuma, akaondoka bila kuaga.

12 Juni. Ya pili

Kushuka. Salama.

25 na 28 Juni. Ya tatu na ya nne

Oili safi. Madereva wameacha kuniita "bibi harusi wa Delika", sasa wananiita "fundi". Mmoja aliomba nimwangalizie difu lake. Lilikuwa na maji kama supu.

18 Julai, Diklo

Ya tano imepita. Leo ni sikukuu yetu ya kiangazi. Bia ya shayiri imeiva, kondoo wamechinjwa, wanaume wamekwenda kwenye madhabahu ya mawe kuomba. Sisi wanawake hatuisogelei. Tuna mstari wetu, tunasimama huku na mikate ya jibini tukisengenya.

Nikamwona Jokola amesimama kwetu, nyuma kidogo, kofia mkononi. Wenzake walimwita, akasingizia mguu. Nilimwuliza mama mkwe tangu lini mwanawe anasali na wanawake. Akasema ni mwaka wa pili huu, mwaka jana pia alisimama hapo hapo. Nikajibu kwamba labda anaona fahari kujitenga. Mama hakucheka.

Mimi namjua Jokola miaka ishirini na minne, na katika miaka yote hiyo nimemwona ni mtu wa kuhesabu kondoo na makosa ya wenzake. Leo amenisumbua akili.

22 Julai. Ya sita

Nusu ya safari. Jokola alinipita kwenye daraja, akainua kamba dirishani ili niione. Nami nikainua spana.

3 Agosti

Ya saba ilikuwa jana, na ilikuwa mbaya. Mvua ilianguka juu siku mbili, kijito cha chini ya kilele kikawa mto. Niliingia maji yakafika mlangoni. Upande wa pili nilisimama, nikafungua nati ya difu nikapima kwa kidole. Oili ilikuwa nyeupe kama maziwa. Mpira mmoja wa kupumulia ulikuwa umechomoka.

Nilitandika koti chini ya gari nikatoa oili yote pale pale kwenye matope, nikajaza mpya niliyobeba, nikiimimina kwa birika la chai, maana sikuwa na bomba. Abiria wangu, mwalimu wa kijiji cha Omalo na mkewe, walishika mwavuli juu ya miguu yangu iliyobaki nje. Mwalimu akaniuliza kwa nini nahangaika hivi na gari kuukuu. Nikamjibu kwamba mume wangu amelala makaburini na hana faida tena, ila gari bado linatengenezeka. Sikupendezwa na maneno yangu, lakini ndiyo yaliyotoka.

9 Agosti. Ya nane

Nimemshusha mama mkwe kwa daktari wa meno.

21 Agosti

Meno mapya ya mama yanambana. Anayatumia kwa kugomba tu.

17 Septemba, Omalo

Nitaandika kama ilivyotokea.

Jana tulikuwa tunapanda, mama mkwe mbele kando yangu na meno yake mfukoni. Zilibaki kilomita nne kufika kileleni. Nikasikia tak, tak, tak chini ya sakafu, halafu kishindo, na gari likasimama huku injini inanguruma. Krosi ya nyuma. Ile ile niliyosema bado nzima. Nilijitukana mpaka mama akaziba masikio.

Nusu saa haikupita, Jokola akatokea nyuma yetu. Alishuka, akaitoa kamba, akailaza barabarani mbele ya gari langu. Nilitegemea atacheka. Hakucheka, uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka jambo liishe.

Nikamwambia asubiri. Nikalala chini, nikafungua nati nne, nikaichomoa propela nzima ya nyuma. Tundu lililobaki kwenye gia boksi lilianza kumwaga oili. Nikaliziba kwa mfuko wa nailoni na kulifunga kwa kipande cha mpira wa tairi. Nikavuta kijiti cha magurudumu manne. Sasa ya nyuma yalikuwa ya kukokotwa tu, na ya mbele ndiyo yavute.

Yalizunguka bure, yakarusha kokoto. Mlima ni mkali, uzito wote ulikuwa umekimbilia nyuma, na magurudumu yanayovuta yalikuwa juu huko, mepesi. Jokola akaokota ncha ya kamba.

Ndipo nikafikiri: kama nguvu iko mbele, basi mbele iwe chini. Nikaliachia gari lirudi taratibu hadi penye upana, nikaligeuza, pua ikaelekea bondeni. Nikatia rivasi.

Likapanda.

Nilipanda Abano kinyumenyume, kilomita nne, kona tisa, shingo nimeipinda mpaka nikadhani itabaki hivyo. Mama mkwe alikuwa anaiangalia Kakheti yote, ile nchi ya bondeni, ikizama mbele yake. "Miaka themanini napanda mlima huu," akasema, "leo ndiyo mara ya kwanza naupanda huku nauaga." Nilicheka nikalia kwa wakati mmoja.

Ila lililonishinda ni hili. Jokola aliliacha gari lake pale chini. Alitembea kwa miguu kilomita zote nne nyuma ya gari langu, upande wa nje, upande wa korongo, akinionyesha kwa mikono: kulia, kulia, simama, njoo. Kwenye kona tatu kisigino chake kilikuwa hewani. Kamba ilikuwa begani mwake muda wote na hakuitaja. Mtu anayetaka gari life angeweza kuniacha nikosee kona moja tu.

Kileleni alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya ekseli ya nyuma. Akaniuliza, "Lilikuwa linalia, kabla halijakatika?"

Nikasema hapana, ekseli ni nzima, ni krosi tu, kosa langu. Akatikisa kichwa, akashuka kulifuata gari lake. Hiyo ni ya tisa.

18 Septemba

Krosi mpya imepatikana hapa Omalo. Nimebadilisha zote, hata ambayo bado nzima.

21 Septemba. Ya kumi

Salama. Nimemtumia Tedo mkate wa jibini na salamu kwamba alikuwa sahihi. Amejibu kwamba ataiweka salamu hiyo ukutani kwenye fremu.

4 Oktoba. Ya kumi na moja

Theluji ya kwanza juu. Kondoo wameanza kushuka. Najiuliza kila siku kwa nini Jokola aliniuliza kuhusu kulia.

11 Oktoba, Alvani

Ya kumi na mbili.

Tulitoka Diklo alfajiri, mimi na mama mkwe, na nyuma kondoo wawili vilema na Jokola. Aliteleza juzi kwenye barafu, goti likavimba kama mkate, wachungaji wakatangulia na kundi, na mtoto wake wa kiume akashusha gari la mizigo. Tangu Imeda afe hakuwahi kuketi ndani ya Delika. Alipanda kama mtu anayeingia majini, na kamba yake akaiweka miguuni.

Theluji ilikuwa ya kifundo cha mguu. Nilitia magurudumu manne na gia ndogo, likaenda lenyewe. Hata upande huu hupandwa kwanza, na zilipobaki kona mbili kufika kileleni, Jokola akanigusa bega.

"Simama, shemeji. Siwezi kuvuka nikiwa humu kabla sijasema."

Nikasimama. Akazungumza akiiangalia kamba. Alisema kiangazi kile Imeda alikuwa halali usiku kwa sababu ya ekseli. Alikuwa akisema gari linalia na yeye ndiye aliyeliacha liugue. Siku moja Jokola alimkuta chini ya gari, spana imemwanguka usoni, hana nguvu ya kuiinua. Siku iliyofuata akalichukua Delika akisingizia kwenda kubeba mbao, akalipeleka bondeni kwa fundi mmoja, akamwambia: fanya lolote, nataka ndugu yangu asisikie kitu. Gia mpya hazikuwepo. Fundi akaweka mafuta ya nguruwe. Jokola alijua ni nini, alikuwa amesimama pale pale.

"Nilimvusha nguruwe Abano," akasema, "nikijua kabisa. Baada ya majuma matatu radi ikapiga kondoo wangu. Nikasema sawa, hiyo ni haki. Halafu akafa Imeda. Hiyo sikuweza kuisema ni haki. Nimeogopa hata kuyakaribia mawe. Kila likipita gari hili namwona anavushwa tena. Ndiyo maana nilitaka lifungwe kamba, liondoke."

Miezi mitano nimemwita mume wangu mwongo, nimemnyima jina lake mbele ya madereva, kumbe alikufa hajui chochote. Tabasamu lile dirishani lilikuwa tabasamu tu. Niliona aibu, aibu yenye joto iliyopanda mpaka masikioni.

Nikamwambia Jokola nililipata lile bonge mwezi wa Mei. Nikamwambia habari ya mafuta ya taa mara tatu, ya moto nyuma ya banda, ya majivu. Tangu siku ile hakuna kilichovuka mlima ndani ya ekseli hii isipokuwa oili safi, na iliyochafuka nimeimwaga. Alinitazama kama mtoto aliyeambiwa shule imefungwa.

Mama mkwe, ambaye sisi sote tulidhani amelala, alivaa meno yake kwanza.

"Kosa ni kosa," akasema. "Mwakani, sikukuu ikifika, utachinja kondoo dume, utasimama mbele ya wanaume wenzako, utasema ulichofanya, utaomba radhi. Lakini usiniambie mlima ulimuua mwanangu. Mwanangu aliuawa na mapafu, na nilikuwepo. Na safari ile, gari liliponyamaza, alilala njia yote iliyobaki, mimi nilikuwa nyuma nikamfunika. Alikuwa hajalala vile tangu Pasaka." Akamwekea Jokola mkono kichwani, juu ya kofia yake, na kuuacha pale. "Sasa twende, miguu inaganda."

Kileleni hapakuwa na mtu, upepo tu. Nilishuka na chupa. Nikamimina, nikataja majina tisa, na la kumi nikalitaja kwa sauti, jina lake na la baba yake, na nikamwomba msamaha hapo hapo bila kuona haya. Jokola alichechemea mpaka kando yangu, akamimina ya kwake. Kisha akaichukua kamba, akaikata vipande viwili kwa kisu cha kuchunia ngozi, akaenda kuwafunga kondoo wale wawili wasiyumbe kwenye kona.

Tukaanza kushuka. Nilizima feni ya joto ili nisikilize. Chini ya sakafu, nyuma, zile gia za pacha aliyeangukiwa na mti zilikuwa zinazunguka ndani ya oili yao.

"Mbona hili gari halisemi kitu?" mama mkwe akauliza.

"Limenyamaza, mama," Jokola akajibu. "Safari hii limepona."